Kutu chini ya fibaglasi: kisa cha Corvette ya 1977 na mnunuzi wa mara ya kwanza

Kwa nini nakiandika

Kila mwaka hunijia watu wawili watatu, wengi wao wenzetu kutoka pwani ya Kenya na Tanzania waliohamia huku Texas, na swali lao ni lile lile: nimepata Corvette ya zamani, lile gari la spoti la Chevrolet, bei nzuri, ninunue? Nikijibu kwa mdomo hubaki nusu na nusu hupotea. Safari hii nimeona nikiandike kisa kimoja tangu pesa ilipotumwa hadi leo, na hesabu zake zote, ili anayetaka kununua asome kabla hajafungua pochi. Mwenye gari ameniruhusu. Jina lake, mji wake na aliyemuuzia nimeviacha. Mambo ya ufundi na hesabu sikuyagusa.

Mimi ni fundi. Nilianzia gereji ya Mombasa, na Peugeot 504 ndiyo iliyonifundisha spana. Mwenye gari huniita ami kwa sababu namzidi umri, nami humwita mwanangu, ingawa ana miaka 46 na watoto watatu.

Gari na mwenyewe

Yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu. Utotoni alikuwa akipelekwa kunyolewa mahali palipokuwa na kalenda ukutani, na kwenye kalenda hiyo Corvette nyekundu, mabawa yake yamefura juu ya magurudumu. Ukimuuliza kwa nini gari hili na si jingine, atakutajia kalenda hiyo. Sioni ubaya. Gari la karibu miaka 50 litakugomea siku moja, na siku hiyo mapenzi ndiyo yatakayokurudisha gereji kesho yake.

Corvette ilianza 1953 huko Flint, Michigan, magari 300 tu mwaka ule, yote meupe. Kizazi cha tatu, hicho chenye kiuno chembamba na pua ndefu, kilitengenezwa 1968 hadi 1982, na kwa miaka mingi kilitoka kiwanda cha St. Louis. Mwaka 1977 peke yake yalitoka magari 49,213. Hiyo ni habari njema kwa mgeni. Gari lililotengenezwa kwa wingi namna hiyo lina spea za kila kitu, toka mpira wa mlango hadi fremu, na bei yake haijapaa kama ile ya 1968 hadi 1972 yenye bampa za kromu mbele na nyuma. Kwa mtu wa kwanza kununua, mimi humwelekeza kwenye miaka hii ya katikati bila kusita.

Hili la kwetu lina injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, na gia za otomatiki. Nyekundu, paa la vipande viwili vinavyotoka, viti vyeusi.

Kuna jambo moja lazima lieleweke hapa, maana kisa chote kinalizunguka. Bodi ya Corvette ni fibaglasi, na fibaglasi haishiki kutu. Watu husikia hivyo wakapumua. Lakini chini ya ile fibaglasi kuna fremu ya chuma, na kuizunguka sehemu ya abiria, toka nguzo za kioo cha mbele hadi nyuma ya milango, kuna kizimba cha chuma ambacho mafundi wa Marekani hukiita tundu la ndege. Gari la bati likioza utaona bati limetoboka. Hili huoza ndani, na nje linang'aa.

Ununuzi

Aliliona gari kwenye tangazo la jimbo moja la kaskazini, huko ambako chumvi humwagwa barabarani majira ya baridi. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 15,000. Muuzaji alisema injini ni L82, ile yenye nguvu za farasi 210.

Hapa mnunuzi wetu alifanya jambo la maana. Aliomba picha ya namba ya gari, ile iliyo kwenye nguzo ya kioo cha mbele upande wa dereva. Namba ya mwaka huo huanza 1Z37, kisha herufi, na herufi hiyo ya tano ndiyo ya injini: X ni L82, L ni L48. Kwenye picha ilikuwa L. Kwa hiyo gari lilitoka kiwandani na L48, farasi 180. Alimwambia muuzaji kwa adabu, na bei ikashuka hadi 13,500. Aliomba pia picha ya hati ya umiliki, akalinganisha namba moja moja, akahakikisha hakuna deni la benki juu yake wala alama ya gari lililofutwa na bima. Yote sawa.

Halafu akaniuliza: "Ami, kuna mtu huko wa kulikagua, anataka dola 300. Nimlipe?"

Nilimwambia alipe. Akaniambia atafikiri. Usiku ule muuzaji akamtumia video ya injini ikiwashwa ya baridi. Ilishika mara moja, mlio mzito wa V8, moshi hakuna. Pesa akaituma asubuhi.

Nimemuuliza mara nyingi baadaye nini kilimpita kichwani, naye hujibu kwa uaminifu. Ile video ilimmaliza. Na mtu huyu, jamani, kila alfajiri kabla ya safari hulizunguka lori lake na tochi, anagusa kila tairi, anainama kutazama breki, anaandika. Ni sheria ya kazi yake na ameifanya miaka 16. Siku hiyo aliisahau kwa sababu kilichokuwa mbele yake hakikuwa lori. Ilikuwa kalenda.

Gari lafika, na pesa ya kwanza yapotea njia

Lililetwa juu ya lori la kubeba magari mwezi wa Mei, kwa dola 1,150. Rangi safi kweli. Tairi zilikuwa na herufi nyeupe na kashata nzuri, ila ubavuni mwa kila moja, mwisho wa mfululizo wa herufi za DOT, alama ya idara ya uchukuzi ya Marekani, kulikuwa na tarakimu 2309. Maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi ya miaka 15 hupasuka kwa joto la Texas hata kama kashata yake haijaguswa. Nilimwambia asitoke mtaani hadi azibadili, akazibadili, dola 780.

Lakini kazi yake ya kwanza hasa, kwa hiari yake, ilikuwa kabureta na ekzosi. Alitaka mlio. Dola 1,900. Kabureta yake, Rochester Quadrajet, ilihitaji kusafishwa na mipira mipya, hilo nakubali. Ekzosi haikuwa na shida yoyote.

Mwezi Julai alilipeleka harusini, maili 60 kwa barabara kuu. Njiani mshale wa joto ulipanda hadi nyuzi 240 za Fahrenheit, karibu 116 za Selsiasi. Alipotoka barabara kuu akaingia mjini, kwenye foleni na taa nyekundu, mshale ukashuka wenyewe.

Shikeni hapo. Lilichemka kwa mwendo wa kasi, likapoa kwenye foleni.

Mtu mmoja alimwambia themostati, ile vali inayofungua njia ya maji ya kupoza injini. Akabadili. Mwingine pampu ya maji. Akabadili. Wa tatu akamwambia rejeta imezeeka, akanunua ya aluminiamu. Jumla dola 1,040, na likaendelea kuchemka. Nilikuwa safarini wiki hizo, na alipokuja kwangu mwezi Agosti alikuwa amekwisha kukata tamaa, akitafuta hadi injini nyingine.

Nililitoa barabarani mwenyewe. Kwa maili 65 kwa saa, dakika kumi na mbili, mshale ulisoma 240. Nikasimama, nikafungua boneti, nikapima kwa kipimajoto cha mwanga kwenye kifuniko cha themostati: 228. Kwa hiyo geji ilitia chumvi kidogo, lakini joto lilikuwa la kweli. Kisha nikalala chini mbele ya gari nikatazama juu. Kidevu hakikuwepo.

Corvette za miaka hiyo hupumua kwa chini. Ile pua nzuri imefungwa karibu yote, na sehemu kubwa ya hewa huingia kwa sababu chini ya bampa kuna kipande kirefu kinachoning'inia kama kidevu. Kikipigwa na upepo hutengeneza msukumo wa kuipeleka hewa juu, mbele ya rejeta. Kikivunjika kwenye kizingiti cha maegesho, hewa hupita chini moja kwa moja. Na pembeni mwa rejeta kiwanda kiliweka sponji na mipira ya kuziba nafasi, ili hewa isikwepe rejeta ikapita kando. Ya gari hili ilikuwa imegeuka unga. Niligusa moja kwa kidole ikamwagika kama ufuta.

Kwenye foleni feni ndiyo inayovuta hewa, na feni yake na klachi ya feni zilikuwa nzima, ndiyo sababu lilipoa. Likichemka kwenye foleni na kupoa barabarani, shuku feni. Likichemka barabarani na kupoa kwenye foleni, shuku njia ya hewa kabla hujanunua kitu. Kidevu kipya na mipira yote vilimgharimu dola 140 na Jumamosi moja. Tangu hapo mshale husimama pale pale themostati yake inapofungukia, 195.

Pedali inayozama

Hili la joto lilitisha, lakini breki ndizo zingeweza kuua mtu.

Mwezi wa kwanza wa kuwa na gari, alipohisi pedali imelegea, alitoa hewa kwenye breki na ikawa ngumu. Wiki mbili, ikalegea tena. Akatoa hewa tena. Hakuna tone la mafuta ya breki chini ya gari, hakuna magurudumu yaliyolowa, mafuta kwenye chupa hayajapungua. Alirudia mara tatu. Akadhani ni silinda kuu, akanunua, akaifunga. Wiki mbili tena.

Mwezi Septemba, jioni ya mvua, alikanyaga kwenye makutano na pedali ikaenda karibu na sakafu. Gari likasimama likiwa limepita mstari, bampa iko juu ya kivuko cha wapita kwa miguu. Hakukuwa na mtu. Alinipigia simu akiwa amelisogeza kando, na sauti yake sikuitambua.

Nililipandisha kwenye lifti siku iliyofuata. Corvette ilipata breki za diski kwenye magurudumu yote manne tangu 1965, na kila kalipa, yaani kile kibanio cha diski, ina pistoni nne, mbili kila upande. Kalipa yenyewe imefungwa imara, haitembei. Kiwandani diski ilipigwa ribiti kwenye ekseli yake, kisha vikachongwa pamoja vikiwa kitu kimoja ili diski izunguke bila kuyumba hata unywele. Fundi wa zamani wa gari hili alikata zile ribiti za nyuma, akavalisha diski mpya, akaondoka. Nikaweka saa ya kupimia juu ya uso wa diski ya nyuma kushoto, nikaizungusha kwa mkono polepole. Sindano ilikwenda na kurudi: 0.011 ya inchi. Mimi siikubali ikizidi 0.005.

Mtu anaweza kusema hiyo ni tofauti ya karatasi. Ndiyo, na karatasi hiyo yatosha. Diski ikiyumba inazipiga pistoni zirudi, kisha zinakuja, zinarudi, mamia ya mara kwa dakika. Sili za kalipa hizi zina mdomo mwembamba uliotengenezwa kuzuia mafuta yasitoke kwa presha. Pistoni ikirudi nyuma, mdomo huo hunyonya hewa kutoka nje. Kwa hiyo hewa inaingia na mafuta hayatoki, na mwenye gari anaapa kuwa hakuna mahali panapovuja. Anasema kweli.

Nilipofungua kalipa, kuta za silinda zake zilikuwa na vishimo vya kutu, maana mafuta ya breki hunywa unyevu na chuma cha kutupwa hakivumilii. Tukafunga kalipa nne zilizovikwa silinda za chuma cha pua, na sili za duara badala ya zile za mdomo. Paipu zote za mpira mpya, baadhi zilikuwa za kiwandani bado. Pamoja na ile silinda kuu aliyonunua mwenyewe, dola 1,250.

Na tukiwa hapo nilishika gurudumu la nyuma juu na chini nikalitikisa. Likacheza. Beringi za nyuma za gari hili zimefungwa ndani ya mikono miwili ya chuma inayobeba magurudumu. Hakuna nipo ya grisi, na kuzitoa na kuzirudisha kwa nafasi sahihi kunahitaji vyombo maalumu ambavyo mimi sina. Tukatoa mikono yote miwili na kuipeleka kwa mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, akaweka beringi, bushi, na diski zilizochongwa pamoja na ekseli. Krosi za shafti zilikuwa nzuri, na hapo tulishukuru, kwa sababu kwenye Corvette hii shafti ya gurudumu ndiyo pia inayolishika gurudumu lisilale. Krosi ikichoka, gurudumu linainama. Dola 1,700.

Zulia lililolowa

Mikono ile ilipotoka, mahali ilipokuwa imefungwa pakawa wazi: pale fremu inapopanda mbele ya gurudumu la nyuma. Nikagonga kwa nyundo ndogo. Upande wa kulia ulilia *ting*. Upande wa kushoto ulisema *pu*, na chini kwenye sakafu ya gereji zikaanguka gamba za kutu kubwa kama sarafu. Kulikuwa na rangi nyeusi nzito, bado mpya mpya. Nilipoikwangua, chini yake kulikuwa na kitambaa cha fibaglasi kilichobandikwa juu ya tundu. Tundu lenyewe lilipitisha vidole vyangu viwili.

Sijui aliyebandika ni nani, na mwenye gari hajataka kufuatilia. Ila mkono uliofanya vile ulijua unachofanya.

Ndipo akanieleza, kwa mara ya kwanza, kwamba zulia la upande wa dereva hulowa kila mvua ikinyesha. Alidhani ni kawaida ya paa linalotoka. Tukavua vibao vya pembeni vilivyo karibu na miguu ya dereva na abiria, nikaingiza tochi. Chini ya nguzo ya bawaba, kizimba kilikuwa na kutu ya juu, kahawia, ngumu, bisibisi haikuzama. Tukaondoa urembo wa kioo cha mbele: pembe mbili za juu zina kutu, hazijatoboka. Maji yalikuwa yakiingia hapo juu na kushuka ndani ya nguzo. Nyuma ya kiti cha dereva, kwenye sanduku la betri, maana betri ya gari hili hukaa hapo, maji ya betri za miaka mingi yalikuwa yamekula chini na kudondokea upande ule ule wa fremu.

Uamuzi

Tulikaa gerejini kwangu na mkewe akiwepo, kwa ombi langu, kwa sababu pesa ilikuwa ya nyumba nzima. Niliwawekea njia tatu. Kuliuza kama lilivyo kwa kueleza kila kitu, na kupata labda nusu ya alichotoa. Kununua fremu nzima nyingine na kuhamisha bodi, kazi ya miezi na pesa kuliko thamani ya gari. Au kukata kipande kilichooza na kuchomelea kipya.

Uamuzi ulitegemea kizimba. Kama bisibisi ingezama kwenye nguzo ya kioo, ningewaambia waliuze, na ningesema hivyo hata kama angelia. Fremu hufikika kwa chini. Kizimba kikioza, huwezi kukifikia bila kuivua fibaglasi iliyobandikwa juu yake, na hiyo si kazi ya mtu wa kawaida. Kilikuwa kizima. Mkewe aliuliza swali moja tu: "Likitengenezwa, watoto wataweza kupanda?" Nikamwambia ndiyo, ila mmoja mmoja, maana viti ni viwili.

Wakachagua kuchomelea. Kazi ilikwenda kwa mtu wa fremu, dola 4,200. Nilisimama siku ya kwanza kuangalia jambo moja: gari lisikatwe likiwa limening'inia kwenye lifti. Fremu ikikatwa haijashikiliwa kila upande, inalegea, na milango haitafunga tena maisha. Alilikalisha juu ya stendi nane, akapima pembe kwa pembe, akaandika mwanya wa milango kwa chaki juu ya kioo kabla hajawasha moto.

Matokeo

Hesabu ya mwisho, pamoja na dola 600 za mambo madogo madogo, ni 26,260. Bima yake ni ya thamani iliyokubaliwa, 17,000, yaani wakilipoteza watalipwa hiyo bila ubishi wa uchakavu. Kwa hiyo dola 9,260 zimekwenda ambazo soko halitazirudisha.

Gari linatembea. Amelisajili kwa namba za gari la klasiki, ambazo Texas hutoa kwa gari la miaka 25 na zaidi na hazimzuii kulitumia kila siku. Zile za antiki zingemfunga kwenye maonyesho na maandamano. Aliwahi kuniuliza kama siku moja atalipeleka Mombasa. Nilimkumbusha kwamba Kenya haipokei gari lililotumika lililozidi miaka 8, na usukani unatakiwa kulia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atampelekea mama yake video.

Uchambuzi: kilichosaidia

Herufi ya tano ilimwokolea dola 1,500 kwa dakika tano. Kulinganisha hati na namba kulimwepusha na balaa ambalo hakuna fundi anayeweza kulitengeneza. Kuchagua mwaka wa kawaida, si toleo adimu, kulifanya kila spea ipatikane kwa wiki. Na kumleta mkewe mezani kuliondoa siri, kwani nimeona ndoa zikiyumba kwa risiti za gari zilizofichwa kwenye droo.

Ile ya kupeleka mikono ya nyuma kwa mtaalamu naihesabu pia. Fundi anayekwambia "hii sina vyombo vyake" mshike. Aliyekata ribiti za diski bila kupima alikuwa na ujasiri tu.

Uchambuzi: kilichoshindwa

La kwanza ni zile dola 300. Mkaguzi angelala chini na nyundo, na ama angesema usinunue, ama bei ingeshuka kwa kiasi cha fremu. Lakini kosa si lake peke yake. Nilipomwambia "lipa" sikumwambia kwa nini. Sikumtajia kizimba, sikumtajia pale fremu inapopanda, sikumwambia aombe picha za chini. Nilijibu kama mtu mwenye haraka, na yeye akasikia ushauri wa haraka. Siku hizi akija mtu, namtumia maeneo manne ya kupigwa picha kabla sijasema lolote: fremu mbele ya magurudumu ya nyuma (pande zote mbili), ndani ya vibao vya miguuni, pembe za kioo cha mbele chini ya urembo, na sanduku la betri. Muuzaji akikataa moja, tumemaliza.

La pili ni mpangilio wa pesa. Ekzosi ilikuja kabla ya breki. Kwa gari lililokaa miaka, mimi nataka mwenyewe ahakikishe kwanza kwamba linasimama: kalipa, paipu, diski, beringi, tairi. Kisha kwamba haliungui, na hapa naitaja mipira ya petroli, kwa sababu petroli nyingi ya Marekani leo ina ethanoli ya karibu asilimia 10 na mpira wa zamani hulainika nayo mpaka ukapasuka juu ya injini ya moto. Kisha kwamba halichemki. Mlio na rangi vingoje.

La tatu ni kubadili spea kwa kubahatisha. Dola 1,040 ziliondoka kwa sababu hakuna aliyemwuliza linachemka lini. Hata geji ya petroli ilikuwa hivyo: tangu siku ya kwanza ilisoma tangi limejaa kupita kiasi, na mtu akamwambia anunue kipimo kipya cha tangi. Ilikuwa waya wa ethi tu. Bodi ya fibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo kila taa na kila geji inategemea waya wake wa kurudi, na waya huo ukishika kutu mambo ya ajabu hutokea. Tulisafisha ethi zote kwa brashi ya waya mchana mmoja, na matatizo manne yakaondoka pamoja.

Jingine dogo, ila limeharibu injini nyingi: V8 hii ina kemshafti ya aina ya zamani inayosuguliwa moja kwa moja, na oili nyingi za sasa zina kidogo ile zinki inayoikinga isilike. Anatumia oili yenye zinki ya kutosha, na ameibandika karatasi ndani ya boneti ili yeyote atakayemsaidia asimwage nyingine.

Kutu ya pembe za kioo tumeizuia kwa dawa na rangi, na maji hayaingii tena. Bado siiamini. Majira ya baridi yajayo kioo kitatoka chote, niione kwa macho, na kama bisibisi itazama, tutakaa tena watatu mezani. Taa ya mbele ya kushoto nayo (taa za gari hili hufunuka kwa mvuto wa hewa wa injini) inachelewa sekunde tatu nyuma ya mwenzake; kuna paipu inavuja mahali fulani ndani ya pua. Hiyo hataki niiguse. Anasema ataitafuta mwenyewe, na juzi nilimkuta amelala chini ya gari juu ya katoni, tochi mdomoni, daftari la ukaguzi wa lori limefunguliwa pembeni yake.